Materuni siku ya mvua: maswali ninayoulizwa kila masika

Kila mwaka ikifika Machi simu yangu hujaa maswali yaleyale kutoka kwa marafiki wa Moshi, Arusha na Dar es Salaam: mvua imeanza, twende au tusiende? Tuvae nini? Gari litafika? Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu, ili anayepanga kwenda Materuni, kijiji cha mlimani juu ya Moshi chenye maporomoko ya maji, na wenzake kwa siku moja ayapate mahali pamoja. Naishi Moshi, na huko juu nimepanda kiangazi na masika. Nikiambiwa nichague, nitachagua masika.

## Kabla hamjaamua

Mvua ikinyesha, tuahirishe?

Hapana, si kwa sababu ya mvua peke yake. Kinachovunja safari ni mto na barabara. Manyunyu ya toka asubuhi mpaka jioni hayana neno: mtalowa, mtaona baridi, mtarudi na matope hadi magotini, lakini mtafika. Ya kuogopa ni mvua kubwa iliyopiga milimani usiku kucha, hata kama asubuhi yake mjini jua linawaka.

Kwa hiyo msiangalie mawingu ya mjini mkadhani mmejua hali ya Materuni. Mjini tuko kwenye mwinuko wa mita 800 na kitu, kijijini ni karibu mara mbili ya hapo, na mvua ya msituni haiji kutupigia hodi huku chini. Mpigieni simu mwenyeji wa huko saa 12 asubuhi na mumuulize mambo mawili tu: mto ukoje, na gari la mwisho lilipanda lini.

Mvua za huku hunyesha lini hasa?

Masika ni Machi hadi Mei, na Aprili ndio kilele. Vuli ni Oktoba au Novemba hadi Desemba, nayo ni ya vipindi vifupi zaidi. Juni na Julai wengi hudhani ni kiangazi kikavu. Kwa miteremko ya kusini ya Kilimanjaro hiyo ni miezi ya mawingu mazito na rasharasha za baridi, na unaweza kukaa siku kadhaa bila kuliona jua vizuri.

Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, ukigonga mlima hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, ukipoa humwaga maji. Ndiyo maana Uru, Kibosho na Machame, zilizo upande wa kusini, hupata mvua nyingi kuliko upande wa kaskazini, na ukanda wa msitu ulio juu ya vijiji hupata nyingi kuliko vijiji vyenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku. Usikilizeni, kisha mpigieni yule mwenyeji.

Materuni ni wapi na kuna nini cha kuona?

Ni kijiji cha upande wa Uru, kama kilomita 15 kutoka Moshi mjini, na ni miongoni mwa vijiji vya mwisho kabla ya msitu wa mlima. Watu huenda kuona maporomoko ya maji, ambayo hushuka kwenye ukuta wa mwamba wa zaidi ya mita 70, na kuona kahawa ikitengenezwa kwa mkono kuanzia punje hadi kikombe.

Hayo ndiyo utaambiwa na kila mtu. Mimi nakuomba uangalie pia kihamba. Kihamba si shamba tu. Ni ardhi ya ukoo, inarithiwa, na mara nyingi wazee wamezikwa humohumo. Juu kabisa kuna miti ya kivuli kama mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage, na pembeni zizi la ng'ombe wanaoletewa majani ndani. Mvua ikinyesha utaona kila tabaka linavyofanya kazi: matone hugonga majani ya mruka, hudondokea migombani, huteleza mpaka kwenye kahawa, na hufika ardhini yakiwa yamepoteza nguvu ya kuchimba udongo. Wachaga wamelima miteremko mikali hivi kwa vizazi na vizazi, na siku ya mvua ndipo unaelewa waliwezaje. Kiangazi utaona migomba mizuri tu.

Tutauona Mlima Kilimanjaro?

Pengine, mkiwahi. Masika wingu huweza kufunguka alfajiri, hasa baada ya mvua ya usiku, na Kibo huonekana na theluji mpya imeshuka chini kuliko kawaida. Ikifika saa 3 au 4 asubuhi pazia hufungwa. Msiende kwa ajili ya kuuona mlima, mtavunjika moyo. Ukijitokeza, simamisheni gari mshuke.

Twende wangapi?

Watano au sita ndio idadi ninayoipenda. Mnaenea kwenye gari moja, mnakaa jikoni kwa mwenyeji bila kumbana, na mkiwa kwenye utelezi mnashikana mikono mkaonana wote. Mkifika kumi, wa mbele hawajui wa nyuma wameanguka.

## Usafiri na barabara

Tupande daladala, Noah au bodaboda?

Daladala za kwenda Uru zinapatikana Moshi mjini, na kwa siku kavu ni nzuri: nafuu, na utakaa na watu wa hukohuko wanaorudi kutoka sokoni. Siku ya mvua tatizo ni kurudi. Gari likichelewa kwa sababu ya tope, mtasimama barabarani mmelowa, na jua huzama mnamo saa 12 na nusu jioni.

Kwa kundi, kodini Noah au gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne, mlipe pamoja. Kabla ya kukubaliana muulizeni dereva kama amepanda Materuni masika hii. Si mwaka jana, masika hii. Angalieni matairi kwa macho yenu: yakiwa vipara, tafuteni gari jingine hata kama bei ni nzuri.

Bodaboda kwenye tope la mteremko sipandi, na simshauri mtu apande. Vijana wale wana ujuzi mkubwa, lakini udongo mwekundu ukilowa huwa kama sabuni na pikipiki yenye abiria haina pa kushika.

Barabara ikoje, na gari likikwama tufanye nini?

Sehemu ya juu ndiyo inayosumbua: miteremko, kona kali, mfereji upande mmoja na bonde upande wa pili.

Aprili moja tulikuwa saba kwenye Noah, na tulitoka mjini karibu saa 5 kwa sababu tulimsubiri mwenzetu aliyechelewa. Makosa mawili tayari, na yote yetu: tulikuwa wengi mno na tulichelewa. Kwenye kona tairi la nyuma likaingia mferejini. Tukashuka, tukaanza kusukuma, tairi likawa linazunguka na kuturushia tope usoni, na kila tulivyosukuma ndivyo lilivyozidi kuzama. Akatokea mzee migombani na jembe begani. Akatutaka tuache kusukuma na dereva azime injini. Alichimba taratibu mbele ya tairi mpaka akapata mteremko mdogo, akakata vigogo viwili vya migomba iliyokwisha kuvunwa, akavipasua, akavilaza tumbo juu ndani ya lile shimo, na juu yake akatandaza majani makavu ya migomba, tabaka kwa tabaka kama anaezeka nyumba. Ndipo akamwambia dereva awashe na atoke polepole. Gari likatoka mara moja. Alichukua kama dakika arobaini, na mvua haikuacha hata dakika moja.

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Gari likianza kuzama, dereva anazima, abiria wote wanashuka upande wa mlima na si upande wa bonde, na hakuna anayesimama nyuma ya tairi. Tunatafuta kitu cha gari kukanyagia kabla ya kutafuta watu wa kusukuma. Na tunamuuliza mwenyeji kabla ya kukata chochote, kwa sababu mgomba uliosimama ni chakula cha mtu. Aliyewasaidia apewe shukrani ya kueleweka. Kuhusu pesa, angalia swali la malipo.

Tuondoke saa ngapi, na turudi saa ngapi?

Mtoke mjini saa 1 asubuhi. Milimani asubuhi huwa tulivu kuliko mchana, mawingu huzidi kukusanyika kadiri siku inavyokwenda. Kwanza maporomoko, halafu kahawa na chakula, si kinyume chake. Mkianza kukaa motoni hamtainuka tena.

Saa ya kugeuka muipange mkiwa mjini, mbele ya watu wote, na dereva asikie. Sisi huwa saa 8 mchana: popote tulipo, hata kama tumebakiza mita mia kufika majini, tunageuka. Mkiacha kuamua mpaka mko kule, aliyetoka Dar atasema jamani dakika kumi tu, na mtamuonea huruma.

## Mavazi na mizigo

Nivae nini?

Joto hupungua takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kutoka mjini hadi Materuni unapoteza nyuzi kama 5 hata kabla hujalowa. Ukilowa na upepo wa maporomoko ukakupiga, utatetemeka. Sweta la sufu ni bora kuliko la pamba, maana sufu hata ikilowa bado inakuhifadhi joto. Jinzi iacheni nyumbani: ikilowa inakuwa nzito, inabana magoti, na haikauki siku hiyo.

Viatu ndio jambo kubwa. Gambuti ni nzuri kwa barabara na shambani, na ndizo wenyeji wanazovaa, lakini kwenye mteremko mkali zile za soli iliyolika zinateleza vibaya. Viatu vya kupandia mlima vya mtumba kutoka Soko la Memorial vinafaa sana. Kabla ya kulipa vikunje uone kama soli imeachia. Raba nyeupe na ndala, hapana.

Koti la mvua ni bora kuliko mwavuli, kwa sababu mikono yote miwili mtaihitaji. Na kila mtu abebe nguo kavu ya kubadili, iachwe garini. Soksi kavu mbili. Nimeona watu wazima wakikaribia kulia kwa furaha ya soksi kavu.

Simu na kamera nizilindeje?

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo ile dawa ya zamani ya kuzungushia simu mfuko wa rambo haipo tena. Tumieni kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana. Ndani wekeni kitambaa kikavu kwanza, kisha simu, pesa na funguo za nyumba. Mmoja wenu tu abaki na simu nje kwa ajili ya picha na dharura, na awe ndiye mwenye chaji kamili.

Nimesikia habari za siafu. Ni kweli?

Ni kweli, na mvua huwatoa. Ardhi ikilowa utawakuta wanakatiza njia kwa msururu mweusi unaong'aa, mwembamba kama kamba ya kiatu. Ukiwaona, vuka kwa hatua ndefu na umwambie wa nyuma yako. Usipowaona ndipo taabu inapoanza, kwa kuwa hupanda mguuni kimyakimya. Chomeka suruali ndani ya soksi. Wakishakuingia usisimame palepale kujipangusa: toka kwanza kwenye msururu, hatua kumi au kumi na tano, ndipo uwatoe mmojammoja. Wenzako wakupe faragha, maana suruali itavuka tu.

## Njiani na kwenye maji

Kutembea mpaka maporomoko ni muda gani, na ni kugumu?

Siku kavu ni kama dakika 45 kwa mtu wa kawaida. Siku ya tope hesabuni saa moja na nusu. Njia ni nyembamba, inapita vihambani kisha inafuata ukingo wa bonde. Kupanda si shida, watu huanguka wakati wa kushuka. Shukeni kwa hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, kisigino kitangulie, na kila mtu awe na fimbo. Anayeamua mwendo ni yule wa polepole kuliko wote, na yeye ndiye atembee wa pili, nyuma tu ya mwenyeji. Mkimweka wa mwisho atakuwa anafika kila mnapoanza kuondoka, na hatapumzika siku nzima.

Chukueni mwongozaji wa kijijini hata kama mnaijua njia. Masika njia huhama: pale palipokuwa na daraja la magogo mawili mwezi uliopita, leo pana gogo moja.

Mtavuka mifongo pia, ile mifereji ya maji ambayo Wachaga walichimba zamani kuteremsha maji ya mito mpaka vihambani. Rukeni, msikanyage kingo zake wala msioshee viatu humo. Maji hayo kuna nyumba zinazoyategemea.

Maporomoko yakiwa yamejaa, tunaweza kuogelea?

Hapana. Kiangazi watu huingia kwenye dimbwi la chini, na maji ni ya baridi kali hata wakati huo. Masika mto umebeba mawe na matawi, na vinavyodondoka kutoka juu ya ukuta ule huvioni mpaka vimefika.

Lakini simameni muangalie kutoka mbali. Siku ya mvua kubwa hamtaona mstari mweupe wa maji kama kwenye picha. Mtaona ukuta mzima unapumua. Upepo wa maji hutoka chini na kuinamisha majani yote upande mmoja, na mkiongea lazima mdomo uguse sikio la mwenzio. Mita hamsini kabla ya kufika mtakuwa mmelowa kana kwamba hamkuvaa koti.

Nitajuaje kwamba mto unajaa ghafla?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mtu alisome hata kama hatasoma mengine. Maji yakibadilika rangi kutoka meupe au ya kijani kuwa ya kahawia, ondokeni. Yakianza kuleta majani na vijiti, ondokeni. Sauti ikibadilika, ikawa nzito na mnasikia mawe yakigongana chini ya maji, msisubiri kuulizana. Pandeni juu, si kukimbia kufuata mto kuteremka. Yote haya yanaweza kutokea pale mlipo hakuna tone la mvua, kwa sababu mvua imepiga msituni juu yenu.

Mkiwa mmeshavuka kijito na kikajaa nyuma yenu, kaeni upande mlio. Vijito vya mlimani hujaa haraka na vingi hupungua ndani ya saa chache mvua ikikatika. Kulala kihambani kwa mtu ni usumbufu, kuvuka maji yanayofika magotini na yanayokwenda kasi ni kifo. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya Polisi ni 112; ila mabondeni mtandao huwa wa kubahatisha, kwa hiyo msaada wa kwanza ni mwongozaji na majirani zake.

Radi ikianza?

Ondokeni kwenye uwazi na kwenye ukingo wa bonde, msijikinge chini ya mti mrefu uliosimama peke yake, na fimbo za chuma wekeni chini. Gari lililofungwa vioo au nyumba ndio kimbilio.

Mmoja wetu amechoka au ameogopa katikati ya njia. Tufanyeje?

Asirudi peke yake, na asiachwe akiwasubiri njiani. Ama mnageuka wote, ama wawili wanarudi naye mpaka kwenye nyumba ya karibu. Na msimbembeleze aendelee. Mtu aliyeogopa hukaza miguu, na miguu iliyokazwa ndiyo inayoteleza. Nimegeuka na kundi zima mara mbili kwa ajili ya mtu mmoja, na jioni yake hakuna aliyenung'unika, kwa sababu tulikubaliana asubuhi kwamba inaweza kutokea.

## Kahawa, chakula na wenyeji

Masika kuna kahawa kweli?

Kahawa ya kuchuma, hapana, au chache mno. Mavuno upande wetu huanza katikati ya mwaka na kuendelea mpaka karibu na mwisho wake. Masika mtaona matunda ya kijani yanayokua. Kahawa ya kunywa ipo, kwa sababu wakulima huweka akiba ya ile iliyokwisha kumenywa ganda la nje, kuchachushwa, kuoshwa na kukaushwa, bado ikiwa na ganda lake la ndani.

Kahawa ya arabika ililetwa Kilimanjaro na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19, na Wachaga wakaifanya yao kiasi kwamba mwaka 1933 walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho bado kipo hapa Moshi. Bibi anayewatwangia kahawa alisomeshwa na zao hilo, au aliwasomesha watoto wake kwalo.

Sehemu hii msiifanye kwa haraka. Mara ya mwisho nilikuwa na rafiki kutoka Dar aliyelowa mpaka mfupa. Akapiga hodi jikoni, akasema, "Shikamoo bibi." Bibi akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, vua hivyo viatu, sogea motoni." Soksi zikatundikwa kwenye kijiti. Punje zikamiminwa kinuni, tukatwanga kwa zamu huku tukiimbishwa, bibi akapepeta kwenye ungo na maganda yakaruka mlangoni na kulowa palepale. Kisha chungu juu ya mafiga. Punje zilianza za kijani cha mzeituni, zikawa za njano, zikanukia kama mkate, zikawa hudhurungi, na ghafla zikaanza kupasuka, tak, tak, tak, kwa sauti ndogo kama ya vijiti vikavu. Bibi hakuwa na saa. Alikuwa amegeuza uso dirishani anaongea na jirani, lakini mlio ule ulipopungua aliinua chungu bila kuangalia.

Tule nini, na tubebe chakula?

Bebeni cha njiani tu: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, chupa ya chai. Chakula cha mchana agizeni kwa mwenyeji siku moja kabla, maana mtori hauandaliwi kwa nusu saa. Ndizi mshare na nyama hupikwa mpaka zinapondeka zikawa supu nzito, na hakuna chakula duniani kinachomfaa mtu aliyelowa kuliko hicho. Machalari ni ndizi na nyama bila kupondwa. Kwa wasiokula nyama kuna kiburu, ndizi na maharage.

Na mbege?

Mbege ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi, na gome la msesewe ndilo linaloipa ule uchungu wake. Ni nzito kama uji na inashibisha. Onjeni mkiwa mmemaliza kutembea, kamwe si kabla, na dereva asionje kabisa. Asiyekunywa aseme hapana kwa upole, hakuna atakayemlazimisha.

Tunaruhusiwa kupita na kupiga picha popote?

Njia ni za watu wote, vihamba si vya watu wote. Ukitaka kuingia, piga hodi na usubiri karibu. Watoto msiwapige picha bila ruhusa ya mzazi, na makaburi yaliyo kihambani msiyapige kabisa. Salamu ndiyo inayofungua kila kitu: shikamoo kwa kila aliyewazidi umri, na mkiondoka semeni aika, ndio asante ya Kichaga.

Malipo yanakwendaje?

Kuna kiingilio cha kijiji, kuna mwongozaji, kuna kahawa na chakula. Bei hubadilika, kwa hiyo ulizeni zote kwa simu siku moja kabla, mjumlishe, mgawane, na mmoja wenu alipe. Bebeni fedha taslimu za noti ndogo, maana pesa za simu zinategemea mtandao. Na msipunguze bei ya mwongozaji kwa sababu ni masika na wageni ni wachache. Ndiyo miezi anayohitaji kazi zaidi.

Aliyewasaidia barabarani kama yule mzee wa vigogo hajatangaza bei. Tulimpa pesa kwa mikono miwili, tukampa na sukari tuliyokuwa nayo garini. Tangu hapo nabeba sukari kilo mbili na majani ya chai kila safari.

## Mambo ya pembeni

Tumefika tukaambiwa maporomoko hayafikiki. Siku imeharibika?

Haijaharibika. Kahawa, kihamba na mtori bado vipo. Au geuzeni gari mwelekee Marangu: kutoka Moshi hadi Himo na kupanda mpaka Marangu Mtoni ni lami, kwa hiyo hata mvua kubwa haiwazuii kufika. Maporomoko ya Kinukamori yako karibu na barabara, na mtasimuliwa habari za Makinuka, msichana aliyefika ukingoni akiwa ameelemewa na aibu ya mimba, na chui aliyekutana naye pale. Kule Mamba, jirani na Marangu, kuna wahunzi wanaofua chuma kwa mivukuto ya ngozi, kazi inayofanyika chini ya paa.

Mkipenda historia, nendeni Old Moshi. Huko ndiko Wajerumani walikomnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa pale, na wenzake tarehe 2 Machi 1900, na mti wenyewe unaonyeshwa. Kusimama pale mvua ikinyesha ni jambo zito. Nendeni kwa utulivu.

Tuunganishe na chemchemi za Chemka siku hiyohiyo?

Siku ya mvua, hapana. Chemka iko tambarare, upande wa Boma Ng'ombe, na barabara yake ya vumbi hugeuka tope. Mtakuwa mmefanya safari mbili nusunusu.

Tunaweza kuendelea juu zaidi, tuingie msituni?

Msitu wa juu ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na kuingia kuna kibali na kiingilio chake. Mkitaka msitu kwa siku moja, pitieni geti la Marangu kihalali. Msikubali njia ya panya mtakayoonyeshwa na mtu yeyote.

Nije na watoto au wazazi wangu?

Watoto wa miaka minane na kuendelea, wenye gambuti zao, hufurahi kuliko watu wazima. Wadogo zaidi waende Marangu. Wazee waje mpaka jikoni kwenye kahawa, wakae motoni na wenyeji wakati vijana wanakwenda majini. Mama yangu alifanya hivyo, na tuliporudi tulimkuta ameshajua ukoo mzima wa ile nyumba mpaka kwa mababu.

Tumeteleza tukaharibu mazao ya mtu, na mwenyewe hayupo. Tuondoke?

Msiondoke. Mwongozaji amtafute mwenyewe au jirani yake, mkubwa wenu aombe radhi, mlipe kilichovunjika. Ukingoni mwa vihamba vingi mtaona mmea wa majani marefu ya kijani uliopandwa kama ua. Huo ni isale. Unaonyesha mpaka, na kwa Wachaga jani lake ndilo linalopelekwa kwa mtu aliyekosewa kuomba msamaha. Akilipokea, neno limekwisha. Mgeni hatarajiwi kuijua desturi hiyo na asichume jani la mtu ili kuiigiza. Maneno yanatosha. Sisi tulivunja miche mitatu ya kahawa mwaka fulani, tukamsubiri mwenye nayo karibu saa nzima barazani kwake huku mvua ikigonga bati. Alikuja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akatusikiliza mpaka mwisho, akaiangalia ile miche, akasema miwili itachipua. Tukalipa mmoja.